Maji ya Kupoozea Kompyuta na Dawa Yake

Shikamooni wakubwa zangu. Vijana, habari za jioni. Kabla sijaendelea, naomba kipande hiki kipite mkono kwa mkono. Ni bloku ya shaba, ile inayokaa juu ya prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, na maji hupita ndani yake kuchukua joto. Nimeifungua wiki iliyopita hapa hapa Kariakoo. Itazameni karibu na taa. Mnaiona mifereji? Kila mmoja ni mwembamba kuliko nusu milimita. Pitisheni ukucha: huo uji mweupe uliogandia humo haukutoka kwenye shaba, umetoka kwenye rejeta, ile maji yanapopitia kupoa, ambayo ni ya aluminiamu. Mwenye mashine alilalamikia joto, akabadilisha feni mara mbili. Feni hazikuwa na kosa lolote.

Shaba na aluminiamu ndani ya maji yanayopitisha umeme ni betri. Kwenye jedwali la kemia shaba ina volti +0.34, aluminiamu −1.66, na inayoliwa ni aluminiamu. Wala si lazima zigusane. Shaba iliyoyeyuka husafiri na maji, ikatua juu ya aluminiamu na kuanza kuitoboa.

Sisi wa Dar tuna mtihani wa ziada. Visima vyetu vingi, hasa vya karibu na bahari, vina maji ya chumvi, na chumvi ndiyo inayopasua utando unaoilinda aluminiamu. Wengine wanakinga maji yanayodondoka kwenye AC. Ni meupe kwa macho, lakini yamepita kwenye vumbi na ukungu wote wa mashine ile. Tumieni maji yaliyokenekwa, yale ya kuongezea betri. Someni lebo kwa makini, maana chupa ya jirani yake dukani huwa ni asidi!

Lakini hata hayo peke yake hayatoshi. Yanavuta kaboni dayoksaidi ya hewani, yanakuwa na uchachu kidogo, halafu yanaanza kuyeyusha metali polepole. Hapo ndipo dawa ya kuzuia metali isiliwe inapohitajika. Benzotriazoli hujishikiza kwenye shaba kama ngozi nyembamba sana, maji yasiifikie. Silikati hufanya kazi hiyo kwenye aluminiamu.

Sasa nisikilizeni vizuri kuhusu kipimo, kwa sababu hapa ndipo mafundi wengi tunaharibu. Mtu anachukua kulanti, maji ya rejeta ya gari yenye dawa za aina hii, anatia vijiko viwili, eti "kidogo kinatosha". Dawa ikipungua, ngozi ile inabaki na matundu, na ulaji wote unahamia kwenye matundu hayo, kwa hiyo metali inatoboka haraka mahali pamoja. Kuizidisha nako hakufai: glikoli ya kulanti ni nzito na inabeba joto kidogo kuliko maji. Imewekwa humo hasa kwa ajili ya nchi za baridi, maji yasigande, na Dar hatuna baridi hiyo. Fuateni kipimo cha mtengenezaji, na mkumbuke kwamba dawa huisha nguvu. Maji yamwagwe na kubadilishwa kwa wakati.

Mimi nikiletewa shaba na aluminiamu kwenye mzunguko mmoja, siuzi dawa. Nabadilisha rejeta kwanza.

Bloku imefika nyuma? Irudisheni huku mbele, niwamiminie maji yaliyotoka humo mwone rangi yake.