Uvimbe wa Ngege na Pasi ya Jogoo

ATIENO: Haya, tumerudi. Na wewe usicheke kabla sijaanza.

WAFULA: Sijacheka. Nimekohoa.

ATIENO: Ngege mnamjua. Yule mtoto wa paka aliyekanyaga kitufe akafuta nusu ya kipindi mwezi jana.

WAFULA: Nusu yenyewe ndiyo ilikuwa tamu.

ATIENO: Sasa Jumanne usiku nimelala, yeye yuko kifuani, namkuna huku nyuma ya mguu wa mbele. Kidole kikagota kitu. Kigumu, kama punje ya mahindi chini ya ngozi. Nikajua ni kupe. Nikawasha tochi ya simu, nikapangua manyoya. Wapi! Uvimbe mwekundu, na katikati kitundu kama cha sindano. Nikakikodolea macho. Wafula, kile kitundu kikapumua.

WAFULA: Acha!

ATIENO: Kitu cheupe kikachungulia, kikarudi ndani. Sikulala tena. Asubuhi nikamtia kwenye kikapu, nikapitia duka moja la dawa za mifugo hapo mtaani, silitaji. Kijana akanipa dawa ya kuogeshea ng'ombe, ati nimpake. Nikamwuliza, hata paka? Akasema mnyama ni mnyama.

WAFULA: Si ni kweli?

ATIENO: Si kweli. Daktari wa mifugo aliniambia dawa zenye pamethrini, ile sumu ya kuua wadudu, mbwa anazivumilia vizuri tu, lakini ini la paka haliwezi kuivunja ile sumu. Anatetemeka, anapata degedege, anakufa.

WAFULA: Mimi ningeanza na nusu ya Panadol, ya maumivu.

ATIENO: Ungeanza na jembe, uchimbe kaburi. Parasetamoli inaua paka, hata kipande cha kidonge.

WAFULA: Hilo nalikubali, sikulijua. Haya, uvimbe ulikuwa nini?

ATIENO: Buu. Nzi wa maembe.

WAFULA: Funza wa nguo!

ATIENO: Funza ni wale wa kwenye vidole vya miguu. Huyu ni buu la nzi. Nzi anataga mchangani penye harufu ya mkojo, au kwenye nguo mbichi iliyoanikwa kivulini. Na hii mvua ya Kisumu nimekuwa nikianika barazani, pamoja na ile leso anayolalia Ngege. Buu akishaanguliwa anaweza kungoja hata wiki mbili. Akisikia joto la mwili, anaingia. Hata huhisi. Kile kitundu ndicho pua yake.

WAFULA: Ngoja, ngoja. Kwa hivyo ndiyo sababu ya kupiga nguo pasi?

ATIENO: Ndiyo. Joto la pasi linaua mayai.

WAFULA: Atieno, mimi nimekaa miaka yote hii nikidhani mamangu alikuwa na maringo! Kule Bungoma tulipiga pasi kila kitu. Shuka, soksi, nepi za kitinda mimba, mpaka suruali za ndani. Nilikuwa namwuliza, mama, nani ataiona? Ananiambia, piga.

ATIENO: Hakukwambia sababu?

WAFULA: Mama akwambie sababu? Na si pasi ya umeme. Ile ya makaa, yenye jogoo mbele wa kufungia kifuniko. Unaipepea mpaka makaa yawe mekundu, unaisugua kwenye jani la mgomba iteleze, linalia chwaaa, harufu yake mpaka leo naisikia. Halafu cheche moja inaruka kwenye shati jeupe la shule, unachapwa.

ATIENO: Sisi pasi ilikuwa ya Jumapili tu.

WAFULA: Ndiyo maana mna mabuu.

ATIENO: Nimeipiga pasi ile leso ya Ngege. Pande zote mbili.

WAFULA: Yaani leso ya paka imenyooka, na wewe umekuja kurekodi na hilo shati?

ATIENO: Shati limekunjika kwenye bodaboda.

WAFULA: Limekunjika tangu kipindi cha kwanza. Haya, daktari alimtoaje?

ATIENO: Alipaka vaselini nzito juu ya kitundu, akangoja. Buu akakosa hewa, akaanza kujitokeza, akamshika na koleo ndogo. Akatoka mzima, mnene, ana miiba midogomidogo mwilini. Ndiyo maana humminyi ovyo, akipasukia ndani unaongeza balaa.

WAFULA: Na ulilipa?

ATIENO: Elfu moja na mia tano.

WAFULA: Ya kupakwa mafuta ya Arimis!

ATIENO: Ya kujua ni nini, Wafula. Uvimbe ni mambo mengi. Ungekuwa jipu la kung'atwa na paka dume? Ungekuwa uvimbe wa sindano, na amechanjwa juzi tu? Kuna hata henia ya kitovu kwa hawa wadogo, inakuwa laini, ukiibonyeza inarudi ndani.

WAFULA: Henia kwapani? Na umesema mwenyewe kilipumua. Jipu halipumui. Ulijua, ukalipa ili mtu akwambie unachokijua.

ATIENO: Niliona kitu cheupe kwa tochi, usiku wa manane, na machozi. Huko si kujua. Na daktari alimpapasa akapata wa pili, pajani. Huyo sikumgusa kabisa.

WAFULA: Ungemgusa kesho yake. Mama alinitoa mmoja mgongoni kwa kidole gumba, na niko hapa.

ATIENO: Uko hapa kwa bahati.

WAFULA: Niko hapa kwa mama. Elfu moja na mia tano ni kuku wawili, na kuku anataga. Ngege anataga nini?

ATIENO: Kuku wako unawachanja?

WAFULA: Wale ni biashara.

ATIENO: Ahaa. Kwa hivyo uchungu wa mnyama unapimwa kwa mayai.

WAFULA: Sikusema hivyo. Nasema kuna watu wanaotusikiliza mtaani Nyalenda ambao hiyo pesa ni chakula cha wiki. Ukiwaambia daktari ndiye njia, umewaambia wamwache paka afe.

ATIENO: Na wewe ukiwaambia waminye, wataminya jipu, wataminya henia, waue paka kwa mikono yao. Sirudi nyuma kwa hilo.

WAFULA: Wala mimi.

ATIENO: ...

WAFULA: Kunywa chai.

ATIENO: Sitaki chai yako.

WAFULA: Kuna msikilizaji ameandika hapa, anauliza kama soksi kweli zinapigwa pasi.

ATIENO: Hazipigwi!

WAFULA: Zinapigwa. Unaanzia kisiginoni, unageuza, unakunja.

ATIENO: Wafula, tumebakiza dakika mbili na karatasi ina mambo manne hatujaligusa hata moja. Ngoja nisome. La kwanza: mpapase paka wako kila wiki, uanzie shingoni, ushuke mbavu, uingie kwa...  Hiyo ni nini inalia?

WAFULA: Mita.

ATIENO: Tokeni za umeme zimeisha? Si ulinunua jana?

WAFULA: Nilinunua.

ATIENO: Na zimeenda wapi?

WAFULA: Asubuhi nilikuwa na soksi kidogo.