"Leo" ya Lini?

Ndugu zangu wa Busia, akina mama wa soko, vijana wa boda, asanteni kwa kufunga vibanda mapema. Nimekuja na neno moja tu: "leo".

Tarehe 20 Septemba 2022 Wizara ya Afya ya Uganda ilitangaza Ebola wilayani Mubende, ile ya aina ya Sudan, ambayo haikuwa na chanjo iliyoidhinishwa. Hofu ilikuwa na msingi. Baada ya wiki chache nikatumiwa sauti kwa WhatsApp. Mama anahema, nyuma yake lori linapiga honi, anasema: "Leo asubuhi wameleta maiti tatu za Ebola hospitali, msipeleke watoto!" Alisikika ameogopa kwelikweli. Sikungoja, nikairusha kwenye grupu la ukoo. Jirani yangu akaisikia kwenye simu ya dada yangu. Mwanawe alikuwa na homa, akamfungia ndani siku tatu. Kumbe ni malaria. Alipona, Mungu ni mwema, lakini tulimpeleka akiwa hajitambui, na njia nzima nilikuwa nakiangalia kidole changu hiki.

Mlipuko ule ulitangazwa kuisha tarehe 11 Januari 2023. Mwezi wa tatu sauti ikanirudia. Mama yuleyule, honi ileile: "Leo asubuhi." Leo ya lini? Hospitali ipi? Hakuitaja. Safari hii nikauliza. Aliyenitumia kaipata kwa shemeji yake, shemeji kaipata kwa mtu wa Tororo, na huyo wa Tororo hakumbuki.

Fungueni simu zenu. Ukiona mishale miwili juu ya ujumbe, ujue umesharushwa mara tano au zaidi kabla ya kukufikia. Mishale hiyo haisemi kwamba ni uongo, maana hata tangazo la kweli la chanjo huipata. Inakuambia aliyekutumia siye aliyeona. Basi mpigie, hata kama ni mjomba wako, kwa heshima: "Mjomba, umeona mwenyewe au umeletewa?" Na habari ya ugonjwa mpelekee VHT, yaani mhudumu wa afya wa kijiji chako. Anaishi nasi, mlango wake unaujua, na akikosea utamrudia.

Sauti ile sijaifuta. Naicheza sasa hivi. Aliyeipata mwaka huu anyooshe mkono, atuambie alitumiwa na nani.