Mguu Unaenda Kufanya Nini Mdomoni?

Nyie wa nyuma sogeeni, spika imegoma na mi sipigi kelele. Nimepewa dakika kumi, na mnanijua, nitaongelea kidevu.

Ukitoa taya la pembeni kwa sababu ya uvimbe, mdomo unapinda ila mtu anaishi. Sasa toa kidevu halafu umshone umwachie hivyohivyo. Ulimi unakosa pa kujishikiza, unarudi nyuma unaziba hewa, udenda unamwagika mchana na usiku, yaani mtu na taulo shingoni, harusini haendi msibani haendi. Halafu mwenzangu ananiambia "lakini uvimbe si umetoka?" Umetoka ndiyo, na mtu je?

Kuna mzee mmoja alikuja na ameloblastoma, uvimbe wa taya, ule usiouma, unakua taratibu miaka na miaka, kashang'olewa meno mawili bure wakidhani ni jino. Tukamwambia tutachukua mfupa wa mguuni tumtengenezee kidevu. Mkewe akasimama, "Mguu unaenda kufanya nini mdomoni? Semeni tu mnataka kumkata!" Nikachora. Mama, chini ya goti mifupa ni miwili, muundi ndo unabeba uzito, ule mwembamba wa upande wa nje, fibula, tunaweza kuuazima. Tunaacha kama sentimita 6 kule chini ili kifundo kisilegee, na juu tunaacha kidogo maana mshipa wa fahamu wa kunyanyua unyayo unazunguka pale. Mfupa unatoka na ateri yake na vena yake, na nyama na ngozi kidogo juu yake, tunaukata vipande unapinda kama taya, skrubu kwenye pleti, mishipa tunaiunga na ya shingoni kwa uzi mwembamba kuliko unywele. Siyo maajabu jamani, daktari Hidalgo wa New York aliandika haya 1989!

Na wewe unayetaka kusema pleti ya titani peke yake inatosha, nakuona. Kwenye kidevu? Itachoka ikatike au itoboe ngozi, akipigwa mionzi ndo kabisa.

Manesi, usiku wa kwanza kila saa mnaangalia rangi ya ile nyama tuliyoihamisha, ikiwa ya bluu amsheni daktari hata akinuna. Meno ya kupandikiza... basi, mwenyekiti ananionyesha saa.

Mzee? Alirudi kliniki anatembea mwenyewe, analalamika anaota vinyweleo ndani ya mdomo. Nikamwambia ngozi ile si tuliitoa mguuni mzee wangu. Mkewe kacheka mpaka akakaa chini.