Simu Haiingizi Chaji? Anza na Tundu, Betri Baadaye

Asalaam aleikum ndugu zangu. Niko mezani kwangu hapa Wete. Mbele yangu kuna simu tatu na tableti moja, zote zimeletwa kwa neno moja: haiingizi chaji. Tuzifanye pamoja, taratibu. Nikikuacha nyuma, simamisha video kwanza.

Kabla hujashika bisibisi, shika waya mwingine, na kichwa kingine cha chaji ambacho unajua ni kizima. Huku kwetu umeme ukikatika kisha ukarudi kwa kishindo, mara nyingi kinachoungua ni kichwa, simu haina kosa. Mimi natumia hiki kimita cha USB. Tazama, nakichomeka kati ya kichwa na waya. Juu kinasoma volti 5, chini ampia 0.00. Umeme unafika, simu haiupokei. Kingesoma ampia 1 au zaidi, tundu tungeliacha tukaitazame betri.

Haya, zima simu, umulike tochi ndani ya tundu. Nasogeza kamera. Unaiona hii kama pamba ya kijivu? Ni nyuzi za mfukoni, zimeshindiliwa na waya kila siku mpaka waya wenyewe haufiki mwisho. Msimu wa karafuu nakuta na vumbi la makonyo, vile vikonyo vya karafuu. Itoe kwa kijiti cha meno cha mti; sindano hapana. Tundu la Taipu C lina kiulimi chembamba katikati, chenye pini 12 kila upande. Pita pembeni yake, usikiegemee, kikivunjika ndiyo basi. Wala usipulize kwa mdomo, pumzi ina unyevu. Chomeka tena... 1.3. Hii imepona, na hakuna hata kifaa kimoja kilichonunuliwa.

Simu ya pili ni ya mvuvi wa Kojani, na hapa naomba mnisikilize sana. Maji ya bahari yakikauka, chumvi inabaki ndani. Chumvi huvuta unyevu wa hewa, unyevu huo unaunganisha pini na pini, na ukichomeka chaji umeme unaanza kuila shaba. Hii rangi ya kijani ni shaba iliyokwisha kuliwa. Basi simu ikitumbukia baharini, au ikilowa ukiwa kwenye mwani, usiichomeke eti uone kama inawaka. Izime, toa laini na memori kadi, toa na betri kama inatoka, uilete kwa fundi siku hiyo hiyo. Fundi ataifungua, atatenganisha betri, ataisuuza bodi, kile kibao cha umeme cha ndani, kwa maji safi yasiyo na chumvi kisha kwa spiriti. Mchele uacheni jikoni, hautoi chumvi. Mama mmoja aliniletea simu iliyokaa siku tatu ndani ya mchele, na humo ndimo zilimokuwa picha za marehemu mumewe. Bodi ilikuwa imeshaliwa. Sikuweza kuzitoa, na bado inaniuma.

Hii ya mvuvi haikuzama, imepigwa na mvuke wa chumvi tu. Nachukua mswaki laini wa mtoto, nachovya kwenye spiriti ya isopropili ya asilimia 99, nasugua kidogo kidogo, nafuta, narudia mpaka kijani kiishe. Ukikosa hiyo, ya asilimia 70 inafaa, lakini ina maji, ikaushe muda mrefu zaidi. Petroli na thina zinakula plastiki. Iweke mbele ya feni, usiianike juani, betri haitaki joto.

Tableti hii ilikaa kabatini likizo nzima ya skuli. Haijafa, ina njaa. Kichwa cha ampia 1 ni kidogo kwake. Ipe cha 2, uiache saa nzima bila kubonyeza chochote. Kimita kinasoma 0.08, inameza. Skrini itakuja.

Simu ya tatu lazima ifunguliwe. Kwanza itazame mgongoni: kama betri imevimba, usiminye, usichokonoe, mpelekee fundi. Hii iko sawa. Napasha kifuniko joto kidogo, nakibandua kwa kipande cha plastiki, na kabla ya kugusa kingine chochote nachomoa kiunganishi cha betri. Naipima betri yenyewe kwa mita, inasoma volti 3.8, betri nzima. Kilichokufa ni hii bodi ndogo ya chaji ya chini, pini zake zimekatika. Nafungua skrubu, naweka nyingine yenye namba ile ile iliyoandikwa juu yake, ikitofautiana, usiilazimishe. Kuna simu ambazo tundu limechomewa risasi kwenye bodi kubwa. Hizo usijifunzie nyumbani.

Narudisha kiunganishi cha betri. Gundi bado sijatia, nachomeka kwanza. Kimita... 1.4. Haya, sasa natia gundi.