Sakafu au Fremu? Mhadhara kwa Mafundi Vijana Kuhusu Meza ya Kazi Inayoyumba

Habari za asubuhi, mafundi. Nimwombe mwalimu wenu radhi, leo sitasimama ubaoni. Nitasimama hapa kwenye meza hii ya chuma, maana ndiyo somo lenyewe.

Karakana nyingi huishi na meza inayoyumba miaka nenda miaka rudi. Fundi anaokota kipande cha mbao, anakisukumia chini ya mguu kwa kiatu, anaendelea na kazi. Jioni mtikisiko umeshakichomoa. Na juu ya meza hiyohiyo mtu anakata chuma kwa grenda ambayo diski yake inazunguka zaidi ya mara 10,000 kwa dakika. Chuma kikicheza, mkato unaibana diski; diski ikibanwa, inaweza kupasuka, au grenda ikaruka ikamrudia aliyeishika. Hilo ndilo linaloniuma, wala si makelele ya miguu kugonga sakafu.

Ninachowaomba ni kimoja: msiweke kitu chochote chini ya mguu kabla hamjajua meza inayumba namna gani. Dada uliye mbele, njoo. Weka kiganja kwenye kona hii, bonyeza chini. Sasa bonyeza kona ya mkabala wake, kwa mshazari. Mmesikia? Ko, ko. Miguu miwili, kona kwa kona, imekanyaga sakafu muda wote. Miwili mingine inapokezana. Hilo ni tatizo la nyayo. Sasa acha kubonyeza, shika ukingo wa juu, sukuma kwa ubavu. Tazameni chini: nyayo hazikusogea hata kidogo, lakini uso wa meza umekwenda ukarudi. Hilo ni tatizo la fremu, na hata ukiilaza meza hii kwenye sakafu iliyonyooka kama kioo, itaendelea kucheza.

Meza yetu ina magonjwa yote mawili. Tunaanza na fremu. Ukisawazisha miguu kwanza, fremu iliyolegea itakuharibia kazi yote.

Vyuma vinne vilivyounganishwa kuwa mstatili hupinda kwenye maungio, kona zikafunguka na kufumba. Pembetatu haiwezi, labda chuma chenyewe kipinde au kikatike. Kwa hiyo nyuma ya meza tunachomelea chuma bapa kinachotoka juu ya mguu mmoja hadi chini ya mguu wa pili, na kila ubavu vilevile. Mbele tunaacha wazi, hapo ndipo magoti yanapoingia. Kabla ya kuchomelea, pimeni kwa tepu kona kwa kona, mara mbili, kwa kupishana. Vipimo vikilingana, kona zimenyooka. Pigeni taki tu kwanza, yaani nukta ndogo za kushikiza, mpime tena, ndipo mmalizie, kwa sababu joto la kuchomelea linavuta chuma.

Sasa nyayo. Msiilaumu sakafu haraka. Geuzeni meza miguu juu, mvute nyuzi mbili zipishane kutoka ncha ya mguu hadi ncha ya mguu wa mkabala. Zikigusana kidogo tu pale katikati, na mkizibadilisha ya chini ikapita juu zikagusana vilevile, miguu iko sawa na kosa ni la sakafu. Zikiachana, au moja ikiisukuma nyingine, miguu yenyewe ndiyo isiyo sawa. Kazi ya dakika tano. Nashangaa ni wachache mno wanaoifanya.

Tena sakafu nyingi za gereji zimeinamishwa makusudi, maji ya kuoshea yatoke mlangoni. Ikishuka sentimita 1 kwa kila mita, meza hii ya sentimita 180 itakuwa na tofauti ya milimita 18 kati ya ncha na ncha. Hilo huwezi kulitibu kwa kipande cha mbao, na hakuna sababu ya kuvunja sakafu. Tunaweka nyayo za bolti.

Kateni bamba dogo la kuziba chini ya kila mguu, litobolewe katikati, juu yake ichomelewe nati ya milimita 16. Bolti inaingia kutoka chini, kichwa chake ndicho kinachokanyaga. Meno ya kawaida ya bolti ya 16 yanapanda milimita 2 kwa kila mzunguko. Kwa hiyo zile milimita 18 ni mizunguko tisa, na nusu mzunguko ni milimita 1 kamili. Hakuna kubahatisha. Wekeni na nati ya pili ya kufungia, ikazwe kwenda juu dhidi ya bamba, la sivyo mtetemo utaizungusha bolti. Bolti ikichomoza zaidi ya sentimita 4, mimi huurefusha mguu, kwani bolti ndefu nayo inacheza.

Nati zikiwa za kung'aa zimepakwa zinki. Iondoeni zinki hiyo kwa grenda mkiwa mmevaa barakoa, au tumieni nati nyeusi. Moshi mweupe wa zinki ukiuvuta mchana, usiku unapata homa na kutetemeka. Wengine hudhani ni malaria.

Kusawazisha kunaanzia mahali sakafu ilipo juu zaidi. Mguu wa hapo unabaki mfupi, mingine inaufuata. Pimamaji nayo ipimwe: isome, kisha igeuze kichwa mkia palepale, povu likihama, pimamaji ni mbovu. Halafu sawazisheni kwa miguu mitatu tu, wa nne ukiwa hewani. Mnajua mafiga matatu hayayumbi hata kwenye mteremko. Nukta tatu daima zinakaa kwenye uso mmoja. Meza ikishatulia, shusheni bolti ya nne kwa vidole hadi iguse, na kipande cha karatasi kikiwa chini yake. Kikivutika, ongezeni kidogo. Kikigoma, acheni hapo. Mkizidisha, mtaunyanyua mguu wa jirani na kurudi mlikotoka.

Wanaofanya kazi kwenye udongo, bolti peke yake itazama. Kichomeleeni kila mguu kikanyagio cha sentimita 15 kwa 15. Mguu wa sentimita 4 kwa 4 una eneo la 16 tu, kikanyagio kina 225, uzito uleule umetawanyika mara 14.

Mnaniuliza kuhusu kuweka mpira wa tairi chini ya miguu. Chini ya mashine ndogo ya kutobolea, sawa, unameza mtetemo. Chini ya meza ya kugongea nyundo, hapana. Unarudisha pigo na chuma kinakurukia. Kwa nyundo unataka uzito. Mimina zege kwenye rafu ya chini, mita 1 kwa nusu mita, unene sentimita 5, unapata kama kilo 60. Na jiliwa, kile kibanio cha taya mbili cha kushikia chuma, likae juu ya mguu, lisikae katikati ya uso wa meza mnapoona panapendeza. Taya lisilotembea litokeze kidogo nje ya ukingo, ili chuma kirefu kiweze kuning'inia wima.

Mkitaka kuifunga sakafuni kwa bolti za kutanuka, iwe ndiyo hatua ya mwisho kabisa, meza ikiwa imeshasimama sawa yenyewe. Mkikaza wakati mguu mmoja uko hewani, mnaivuta fremu na kuipinda. Na sakafu ya zege jipya ipeni siku 28 kwanza.

Haya. Spana namba 24 ndiyo ya bolti hizi. Wawili mshike kila upande, tuigeuze.