Machimbo ya Kokoto na Makao ya Ngojamaliko

Ndugu zangu, kaskazini ya mji wa Cambridge, Uingereza, kando ya mto Great Ouse, kuna machimbo ya mchanga na kokoto yaitwayo Needingworth. Kampuni ya Hanson, ambayo tangu 2023 huitwa Heidelberg Materials UK, ilipanga kutoa hapo tani milioni 28 kwa miaka 30 hivi. Kila kipande kikishachimbwa hutengenezwa, kisha hukabidhiwa RSPB, chama cha kuhifadhi ndege. Shabaha ni hifadhi ya hekta 700, na 460 kati yake ziwe matete.

Matete hayo ni kwa ajili ya ngojamaliko, ndege wa jamii ya kulastara, mwenye rangi ya majani makavu. Akisimama humo na kuinua mdomo juu, unaweza kumpita usimwone. Dume hutambulikana kwa mngurumo wake, unaosikika kilomita kadhaa, basi wataalamu huhesabu sauti. Mwaka 1997, Uingereza nzima walisikika madume 11 tu. Leo wamepita 200.

Sasa nisikilizeni hapa, maana ndipo penye kazi. Shimo likiachwa lilivyo, kingo huwa wima na maji huwa marefu. Bata watakuja, ngojamaliko hatakuja. Yeye huvua akitembea majini, anataka matete yaliyosimama katika maji mafupi, na mifereji yenye samaki. Sakafu ya shimo lazima iinuliwe, na kinachoiinua ni ule udongo wa juu ulioondolewa ili kokoto zifikiwe. Ukishauzwa au kutupwa, mtajaza kwa kitu gani? Ndiyo maana nasisitiza: ramani ya makao ya ndege ichorwe kabla kijiko hakijagusa ardhi. Mwenye machimbo asiulizwe kwanza atapanda miti mingapi. Aulizwe udongo ataulaza wapi.

Wala si kila ukingo ulazwe. Wapo mbayuwayu wanaotoboa viota kwenye ukuta wima wa mchanga, mitambo ikinguruma jirani. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1981 inakataza kuharibu kiota kinachotumika, kwa hiyo upande huo husubiri hadi makinda yaruke. Hata keremkerem wa Ulaya, hao tunaowaona Afrika Mashariki wakipita kwa makundi, mwaka 2017 walichimba viota katika machimbo ya East Leake, Nottinghamshire. Ukuta ule ungekuwa umeshasawazishwa, wasingepata pa kutagia.