Muziki Uliochotwa Ubongoni

Ndugu wasikilizaji, niliondoe mapema wazo moja: katika tafiti nitakazozieleza, hakuna mashine iliyosoma wimbo ambao mtu anauimba kimoyomoyo. Nitakayoeleza yanahusu watu waliokuwa wakiusikia wimbo kwa masikio yao.

Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walichapisha matokeo kutoka kwa wagonjwa 29 wa kifafa. Wagonjwa hao walikuwa wamewekewa elektrodi, vidude vidogo vya kunasa umeme, juu ya ubongo wenyewe, ndani ya fuvu, ili madaktari wajue kifafa kinaanzia wapi. Wakiwa katika hali hiyo, walipigiwa wimbo wa Pink Floyd, bendi ya roki ya Uingereza, "Another Brick in the Wall, Part 1". Kati ya elektrodi 2,668, ni 347 tu zilizouitikia muziki.

Elektrodi hazinasi sauti, zinanasa umeme. Watafiti walifuatilia mitetemo ya kasi, kati ya 70 na 150 kwa sekunde, ambayo huongezeka seli za eneo husika zinapochangamka. Wimbo nao ukageuzwa kuwa spektrogramu, mchoro unaoonyesha nguvu ya sauti nene na nyembamba kila kitambo. Kompyuta ikajifunza uhusiano kati ya umeme na mchoro. Kisha ikapewa umeme wa kipande ambacho haikuwahi kufunzwa, ikichore yenyewe. Mchoro huo ukirudishwa kuwa sauti, unasikia kitu kama redio inayolia chumba cha pili mlango ukiwa umefungwa: mdundo upo, mahadhi yapo, maneno unayadaka kwa shida.

Mchango mkubwa zaidi ulitoka upande wa kulia wa ubongo, ilhali usemi huegemea zaidi kushoto. Na juu kidogo ya sikio palionekana kijieneo kinachofuata mdundo, hasa wa gitaa.

Mwaka huohuo watafiti wa Google na wenzao wa Japani walipita njia nyingine, bila kupasua mtu. Walitumia picha za MRI, zinazofuata mwendo wa damu ubongoni, nao ni wa polepole mno kulinganisha na mdundo. Pengo hilo likazibwa na programu inayotunga muziki. Matokeo ni masafi, yanavutia, aina ya muziki inafanana na ile iliyosikilizwa. Lakini ule si wimbo aliousikia mtu. Ubongo umetoa dokezo, programu ikatunga. Mimi, kwa kweli, naithamini zaidi ile sauti yenye ukungu ya Berkeley, kwa sababu kilichomo kimetoka kwenye umeme wa wagonjwa wale.

Faida? Vifaa vya kuwasemea waliopoteza usemi mara nyingi hutoa sauti bapa, isiyopanda wala kushuka. Kujua ubongo unavyobeba mahadhi na mdundo kunaweza kuwarudishia hata kiimbo: swali likasikika kama swali, mzaha kama mzaha. Kikwazo ni fuvu. Elektrodi zinazobandikwa juu ya ngozi ya kichwa hupokea umeme uliokwisha kufifia na kuchanganyika, na mitetemo ile ya kasi ndiyo inayopotea zaidi.